Zambarau ya tabaka tatu kwenye gari la michezo: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kwa asiye na muda wa kusoma yote: mwonekano naupa tano kwa tano, ukarabati naupa mbili. Rangi ninayoizungumzia ni zambarau ya lulu, yaani inayong'aa kama lulu, yenye tabaka tatu, na imepigwa juu ya gari la viti viwili lililotoka kiwandani likiwa la rangi ya fedha. Anayefikiria rangi isiyo ya kawaida huhangaika na kama itampendeza au kama gari litauzika baadaye. Mimi ningeanza na jambo jingine kabisa: rangi hiyo ina tabaka ngapi, na bampa likikwaruzwa, fundi ataipataje tena?

Rangi adimu kwa macho si lazima iwe ngumu kwa fundi. Porsche 964 Carrera RS ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipatikana kwa Rubystone Red, waridi kali ambalo ukiliona mara moja huwezi kulisahau. Lakini ile ni rangi kavu isiyo na chembe za kung'aa: inachanganywa, inapigwa, inafunikwa kwa kliya (tabaka la juu lisilo na rangi), kazi imekwisha. Sasa tazama Mazda MX-5 ya Soul Red Crystal. Nyekundu tu, unaiona kila siku, ila chini ya wekundu ule unaopitisha mwanga kuna tabaka la chembe za alumini linalorudisha nuru. Mafundi wazoefu huiogopa hiyo kuliko waridi la Porsche. Kwa hiyo unayetaka kuonekana bila kujitafutia kesi, chukua rangi kavu ya ajabu: kijani cha mnanaa, chungwa, waridi, samawati ya anga. Unayetaka lulu, endelea kusoma.

Tabaka tatu maana yake ni hivi. Chini kuna rangi ya msingi, kwa upande wangu zambarau nzito inayokaribia nyeusi. Juu yake kuna tabaka la kati lenye chembe za lulu ndani ya kimiminika kinachopitisha mwanga. Mwisho kliya. Kinachobadilisha kila kitu ni lile la kati: kwa kuwa mwanga hupita ndani yake na kurudi, kila mkono (mpigo mmoja kamili wa rangi) unaoongezwa huivuta rangi. Mikono miwili inatoa zambarau yenye ubuluu, minne inatoa zambarau iliyoiva inayoelekea wekundu. Namba ya rangi ni ile ile na kopo ni lile lile, lakini gari ni tofauti. Ndiyo maana fundi anayekuambia "nina namba, usijali" hajajibu swali.

Jibu lake liko kwenye bati la majaribio, na hapa usikubali mkato. Linapigwa rangi ya msingi lote mpaka bati lenyewe lisionekane. Kisha robo tatu zinafunikwa kwa karatasi na tepu, inapigwa lulu mkono mmoja. Karatasi inasogezwa, mkono mwingine. Na kuendelea hadi mikono minne. Mwisho bati zima linapigwa kliya. Sehemu iliyoachwa wazi tangu mwanzo ndiyo yenye mikono minne, na ya mwisho kufunuliwa ina mmoja. Linalinganishwa na gari baada ya kliya kukauka, si kabla, maana lulu isiyo na kliya inaonekana chapwa na ya vumbi. Nyuma ya bati yaandikwe: idadi ya mikono, shinikizo la hewa, ukubwa wa pua ya bunduki ya kupulizia rangi. Fundi mwingine mwenye bunduki tofauti atapata kitu kingine kwa mikono ile ile, kwa hiyo bati la mwenzake linamwongoza tu, halimwondolei kazi ya kupiga la kwake.

Kuchagua kwa kutazama kadi ndogo za dukani ni kujidanganya. Rangi kwenye eneo kubwa huonekana kali na angavu zaidi kuliko kwenye kadi, na kadi haina mikunjo. Omba ipigwe kwenye kitu chenye umbo: fenda kuukuu, kifuniko cha kioo cha pembeni, hata boneti lililotupwa. Litazame mchana wa jua kali, kivulini, magharibi, na usiku chini ya taa za barabarani. Zambarau ndiyo inayoadhibu wavivu wa hatua hii. Chini ya zile taa za zamani za manjano inageuka kahawia ya matope, na kivulini lulu hulala kabisa ukabaki na gari jeusi. Anayetoka na gari lake usiku tu atalipia lulu asiyoiona.

Umbo la gari nalo lina kauli. Metaliki (rangi yenye chembe za chuma) na lulu huchora mabega na mikunjo, kwa sababu chembe hung'aa upande unaokutazama na kufifia upande wa pili. Kijivu kavu na krimu hufanya kinyume: mikunjo inapotea na kinachobaki ni mstari mweusi wa kila mwanya kati ya mlango na fenda. Kwenye gari ambalo milango haijakaa sawa, krimu itakuumbua.

Kwa wapenzi wa zambarau, jina linalotajwa kila mara ni Midnight Purple ya Nissan Skyline GT-R. Ya toleo la R33, yenye namba LP2, ni tofauti kabisa na Midnight Purple II na III zilizokuja kwenye toleo lililofuata, R34, ambazo hugeuka rangi kadiri unavyozunguka gari. Hizo mbili zina chembe za aina nyingine, ghali na ngumu kuzilinganisha, na duka likikuambia "zote ni zile zile" toka nje.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kubadili rangi ya gari zima si kupiga nje tu. Fremu za milango, ndani ya buti, chini ya boneti, ukingo wa kifuniko cha mafuta: kote huko rangi ya zamani itachungulia. Milango itoke, raba zitoke, taa, vipini na nembo zitoke. Anayekupa bei ya "kufunika raba kwa tepu" anakuuzia ukingo utakaoanza kubanduka palepale penye raba. Kwa gari dogo la milango miwili, pamoja na fremu, hesabu lita tatu hadi nne za rangi ya msingi iliyo tayari kupigwa, kiasi kinachokaribia hicho cha lulu, na lita mbili hadi tatu za kliya kabla ya hadena (kigumisho chake). Makopo yote ya aina moja yamiminwe kwenye ndoo moja na kukorogwa kabla ya kuanza. Kopo la pili likichanganywa kesho yake, mlango wa kushoto utakuwa na siri yake.

Kabla ya hapo, pima unene wa rangi iliyopo. Rangi ya kiwandani kwa kawaida ina mikroni (elfu za milimita) 100 hadi 150. Tabaka tatu mpya juu yake, pamoja na praima (rangi ya kutangulizia), zinakupeleka karibu na 300. Gari lililowahi kupigwa rangi tena linavuka hapo kwa urahisi, na rangi nene hupasuka na kumeguka kwa kokoto, hasa pua ya gari la michezo iliyo chini karibu na lami. Kipimo kikisoma 250 kabla ya kuanza, rangi ya zamani ishushwe kwa msasa au iondolewe kabisa.

Mabaka ndiyo ugonjwa mkuu wa lulu. Yanatokea bunduki ikiwa karibu mno, ikipita polepole, au tabaka likipigwa kabla la chini yake halijapoteza ung'avu wa umajimaji. Pasi, yaani mipito ya bunduki, zipandiane kwa nusu hadi theluthi mbili, na mkono wa mwisho upigwe mwepesi kutoka mbali kidogo ili chembe zikae sawasawa. Na jambo ambalo wengi hulipuuza: bampa lililotolewa lisipigwe likiwa limelazwa mezani. Chembe hukaa kivingine kwenye kitu kilicholala kuliko kwenye kilichosimama. Litundikwe kwa mkao wake wa kwenye gari, karibu na fenda itakayopakana nalo, na vipigwe kwa pasi zile zile. Hata hivyo utaona tofauti ndogo ya plastiki na chuma ukiinama pembeni. Hata magari mapya huwa nayo.

Kwenye ukarabati ndipo alama zangu mbili zinapotoka. Mkwaruzo wa urefu wa kidole kwenye mlango hauishii mlangoni. Rangi ya msingi inapigwa penye jeraha tu, lulu inatandazwa mbali zaidi kila mkono, na kliya inapigwa mlango mzima, fenda nzima na mara nyingi hata ubavu wa nyuma. Vipande vitatu kwa mkwaruzo mmoja. Kifaa cha kupima rangi kinachosoma kwa pembe kadhaa, kama nyuzi 15, 45 na 110, kinasaidia kupata fomula ya karibu, lakini kazi ya kuimalizia ni ya jicho la fundi na bati lake. Ipe taarifa kampuni ya bima mapema kwamba rangi ni ya tabaka tatu, vinginevyo itakadiria kipande kimoja. Na kwa kuwa katika nchi nyingi rangi imeandikwa kwenye hati za gari, hizo nazo zibadilishwe.

Ukiwa unanunua gari jipya na kiwanda kinatoa oda maalumu, kama Paint to Sample ya Porsche, ningeichukua hiyo bila kusita mbele ya kupiga upya: fremu zina rangi sahihi, unene ni sawa, na namba inabaki kwenye kumbukumbu za gari. Unalipia kwa pesa na kwa kungoja. Stika ya kufunika gari zima nayo ni njia halali ya kuonja rangi, ila haina kina cha lulu. Itakuonyesha kama unaivumilia zambarau, haitakuonyesha zambarau hii. Rangi isiyong'aa mimi nimeikataa: haipigwi polishi, mkwaruzo hauondolewi, na nta ikiigusa inaacha doa linalong'aa.

Filamu ya kinga kwenye pua, boneti na vioo vya pembeni kwa rangi ya namna hii naiona ya lazima, lakini kliya ikauke kwanza. Siku 30 ni tahadhari nzuri. Ikibandikwa mapema inafungia vimiminika vinavyotaka kutoka, na siku ya kuiondoa inaweza kung'oka na kliya.

Mwisho dai vitu vitatu kabla ya kuchukua funguo: karatasi ya fomula iliyoandikwa kwa gramu, bati la majaribio lenye idadi ya mikono iliyochaguliwa, na nusu lita ya rangi ya msingi na ya lulu iliyobaki, vyote viwili bila thina, makopo yakiwa yamefungwa vizuri. Karakana niliyoitumia ilitaka kubaki na bati. Nilikataa.