Foklifti za okazioni Lubumbashi: ipi inunuliwe kwanza

Kwa depo ya saruji, ya unga au ya pyesi za magari hapa Lubumbashi, foklifti inayofaa ni ya mazutu (dizeli), ya tani 2.5 au 3, iliyokwisha kutumika, yenye injini ambayo mafundi wa mjini wameshaizoea. Sharti hilo la mwisho ndilo lililopanga orodha hii. Kila kiwanda kilipata jina kwa kitu fulani kilichokibuni, na kila ubunifu huja na pyesi zake, mafuta yake na namna yake ya kuharibika. Swali la mnunuzi ni kama ataweza kuishi na ubunifu huo mbali na waliouunda.

Anza na mzigo, si na rangi ya mashine. Katika modeli za Kijapani, FD25 ni dizeli ya tani 2.5, FG ni ya petroli au gesi, FB ni ya batri. Tani hizo 2.5 zinahesabiwa kwa mzigo ambao kitovu cha uzito wake kiko milimita 500 mbele ya uso wa wima wa uma, yaani vyuma viwili vya mbele vinavyobeba mzigo. Paleti yenye mifuko 40 ya saruji ya kilo 50 ni tani 2, hiyo haina shida. Sasa beba mabomba ambayo kitovu chake kiko milimita 700, kwenye mashine ambayo uso wa uma uko milimita 470 mbele ya ekseli ya mbele: 2.5 × 970 ÷ 1,170, umebakiwa na tani 2.07, kabla ya kutoa uzito wa saidishifti, kifaa cha kusogeza uma kushoto na kulia. Fungu la katodi (mabamba) za shaba mara nyingi lina tani 2 hadi 2.5. Anayepakia katodi achukue mashine ya tani 3.5 na aache kubishana.

Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini ya dizeli isiyo na tabo (turbo, pampu ya kuisukumia hewa) hupoteza hapa karibu asilimia 12 ya nguvu zake. Uzito inaouinua haupungui, kwa kuwa huo unaamuliwa na shinikizo la haidroliki. Kinachopungua ni kasi ya kuinua na nguvu ya kupanda rampu. Moshi kuwa mweusi kidogo kuliko ule wa pwani usikutishe. Moshi wa bluu ukutishe.

1. Toyota 7FD na 8FD

Toyota ilitoa foklifti yake ya kwanza mwaka 1956, modeli LA ya tani 1. Foklifti zake zinatengenezwa na Toyota Industries, kampuni aliyoianzisha Sakichi Toyoda mwaka 1926 kwa ajili ya mashine za kufuma nguo. Kilichoitenga na wenzake kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990 pamoja na mfululizo wa 7: mfumo wa SAS, unaoizuia mashine isipinduke.

Foklifti ya magurudumu manne kwa kweli husimama juu ya nukta tatu: magurudumu mawili ya mbele, na pini ya katikati ya ekseli ya nyuma, ambayo huachwa iyumbe ili magurudumu yafuate mabonde ya ardhi. Kitovu cha uzito kikitoka nje ya pembetatu hiyo, mashine inalala ubavu. Hutokea zaidi mashine ikiwa tupu, mlingoti (nguzo ambayo uma hupanda juu yake) uko juu, na dereva anakata kona kwa kasi. SAS imeweka silinda ndogo kati ya fremu na ekseli ya nyuma. Sensa zikihisi hatari, kompyuta inaifunga silinda na ekseli inaacha kuyumba. Mfumo huohuo hupunguza pembe ya kuinamia mbele mzigo ukiwa juu, na husimamisha uma sawasawa na ardhi ukibonyeza kitufe kilicho kwenye mpini.

Kwetu hapa kinachoharibika kwanza si kompyuta. Ni plagi za waya zilizoingia maji ya mvua na vumbi, na swichi ya urefu wa mlingoti iliyogongwa na mzigo. Tena, sensa au vali ikibadilishwa, mfumo unahitaji kufundishwa upya vipimo vyake. Fundi asiyejua hatua hiyo hufunga pyesi mpya na kosa likabaki palepale. Ndiyo maana mashine nyingi huuzwa waya za SAS zikiwa zimekatwa. Washa swichi bila kuwasha injini: taa za maonyo lazima ziwake, kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko ile inayobaki imewaka, maana kuna mtu aliyeitoa balbu au waya. Kagua pia silinda ya ekseli ya nyuma kama inavuja.

Mfululizo wa 8 una kitu kingine kinachowapotosha wanunuzi: dereva akiinuka kitini, mashine haitembei na mlingoti hausogei. Swichi ya kiti ikifa, mashine huonekana kama imekufa giaboksi. Wapo wanaouza kwa hasara mashine ambayo ilihitaji swichi tu, na hapo mnunuzi mjuzi hupata bei yake.

Injini ya kutafuta ni 1DZ-II, ya sentimita za ujazo 2,486. Haina tabo, haina komonreli (mfumo wa kisasa wa kuingiza mafuta unaoendeshwa na kompyuta), na inavumilia mazutu yasiyo safi sana mradi uyamwage mara kwa mara maji yanayokusanyika chini ya filta. Matairi ya tani 2.5 ni 7.00-12 mbele na 6.00-9 nyuma, saizi zinazopatikana kirahisi. Yadi ikiwa na vyuma na misumari, nunua ya mpira mtupu usiojazwa hewa, ukijua kwamba dereva na boliti zote zitatikiswa zaidi.

2. Komatsu, Mitsubishi na TCM

Hizi tatu tunaziweka sawa, na bei ndiyo iamue. TCM ndiyo iliyotengeneza foklifti ya kwanza ya injini ya Japani, mwaka 1949. Nguvu ya kundi hili ni injini zinazofanya kazi hata nje ya foklifti. Komatsu FD25 na FD30 za mfululizo wa 16 na 17 nyingi zina 4D94LE ya lita 3.05, ndugu wa injini za Yanmar. Mitsubishi hutumia S4S ya lita 3.3. TCM nyingi zina Isuzu C240 ya lita 2.4. Usilipe kabla ya kuthibitisha injini iliyomo: soma namba iliyochongwa kwenye bloku, usisome karatasi iliyobandikwa.

3. Heli au Hangcha, mpya

Hangcha ilianza Hangzhou mwaka 1956, Heli ikaanza Hefei mwaka 1958. Mashine zao za CPCD30, za dizeli za tani 3, ni sahili, na mpya ya Kichina inaweza kukaribiana kwa bei na Toyota ya okazioni iliyo safi. Agiza yenye C240 au S4S badala ya injini ya Kichina, hata kama bei itapanda. Zinazochoka mapema ni sili za silinda, mipira ya haidroliki na viunganishi vya waya. Ziingize kwenye oda ileile ya mashine, seti mbili za kila kitu. Kwa anayefanya kazi zamu moja kwa siku, hili si chaguo baya hata kidogo.

4. Linde

Wajerumani wa Aschaffenburg waliondoa klachi na giaboksi: pampu ya haidroliki huendesha moja kwa moja mota za magurudumu, pedali moja mbele, nyingine nyuma, na ukiachia pedali mashine inajifunga. Kwa dereva hakuna tamu kama hiyo. Kwa mwenye depo mwenye fundi wa kawaida ni hatari, kwa sababu pampu hiyo haitaki hata chembe ya vumbi. Kutia mafuta ya haidroliki ya aina isiyotakiwa, au kufungua mpira wa mafuta katikati ya vumbi la Agosti, kunatosha kuiua. Nunua tu ukiwa na fundi anayeijua.

5. Clark na Hyster

Clark ndiye mzee wao: Tructractor yake ilizaliwa mwaka 1917 huko Buchanan, Michigan, kuhamisha mali ndani ya kiwanda chake cha ekseli. Mtaani jina lake limebaki kwa foklifti yoyote, kwa hiyo muuzaji akikuambia ana klarki nzuri, muulize kibao kimeandikwa nini. Hyster, iliyoanzia Portland, Oregon mwaka 1929, inafaa kununuliwa kuanzia tani 7 kwenda juu. Kwa tani 2.5 hatuoni sababu.

6. Za batri

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika usiku, kesho hakuna kazi. Zifikirie kwa ghala la vyakula lililofungwa tu, lenye jenereta yake.

Ukaguzi yadini

Fika kabla injini haijawashwa, uiguse. Ikiwa ya moto, imewashwa kabla yako ili kuficha shida ya kuanza asubuhi.

Pima unene wa uma kwenye kisigino, pale unapopinda, ulinganishe na sehemu ya juu isiyoguswa na mzigo. Ukipungua asilimia 10, kwa mfano kutoka milimita 40 hadi 36, nguvu yake imeshuka kwa karibu asilimia 20. Uma uliochomelewa kisigino ukatae. Moto wa kuchomelea umeharibu ugumu wa chuma.

Hesabu hatua 20 za mnyororo wa kuinulia (hatua ni umbali wa pini hadi pini) kwenye sehemu inayopita juu ya puli. Kwa mnyororo wa hatua ya milimita 15.875, hatua 20 mpya ni milimita 317.5, zikifika 327 umerefuka asilimia 3 na lazima ubadilishwe wote. Kukata pingili moja na kuunga ni kujidanganya.

Inua mzigo kamili hadi mita 2, zima injini, weka alama ya chaki. Baada ya dakika 10 usiwe umeshuka zaidi ya milimita 100. Ukizidi, ni sili za silinda au vali ya udhibiti, na ya pili ndiyo ghali.

Giaboksi haijulikani ikiwa baridi. Endesha nusu saa nzima, kisha panda rampu na mzigo. Ikinguruma bila kusogea, wakati asubuhi ilipanda vizuri, diski zake zimekwisha.

Jeki nyuma, tikisa kila gurudumu juu na chini: likicheza, pini za usukani zimekosa grisi kwa muda mrefu. Mita ya saa isikudanganye, hubadilishwa. Tazama raba za pedali na kiti zilivyochakaa.

Mwisho, namba iliyochongwa kwenye fremu lazima ilingane na kibao na karatasi za DGDA, yaani forodha. Kibao kikiwa kipya kuliko boliti zinazokishika, uliza kile cha zamani kiko wapi.