Mkopo wa kikundi kwa sisi tuliofurushwa: pesa walinipa, heshima wakaninyima

Naandika nikiwa na hasira, na sitangoja ipoe kwanza. Kwa miaka kadhaa nimekopa kutoka kwa taasisi moja ya mikopo midogo hapa Nakuru. Jina sitalitaja. Ni ile mikopo ya vikundi vya kina mama, ambapo mmoja akishindwa wenzake wanamlipia, na kwenye tangazo lao wameandika kwamba wanawainua waliofurushwa makwao. Mimi nilifurushwa, na ni fundi cherehani, kwa hivyo tangazo hilo linanihusu mimi hasa. Acha niwaeleze huko kuinuliwa.

Juzi kwenye mkutano wa kikundi, mwenzetu mmoja hakufika. Mtoto wake mdogo alikuwa amelazwa hospitalini. Alimtuma binti yake mkubwa na kile alichokuwa nacho, noti zimefungwa kwenye pembe ya leso, karibu nusu ya malipo ya wiki hiyo. Afisa wa mikopo, kijana mdogo tu, alilifungua lile fundo, akazihesabu noti moja moja mbele yetu sote, kisha akazisukuma zirudi kwa yule msichana. Nusu hapokei. Akatutangazia kwamba hakuna anayetoka hadi pengo lizibwe. Tukakaa. Wengine wetu tuna vibanda, tuna wateja wanaongoja nguo zao, kuna waliokuwa wameacha watoto kwa jirani. Jua likawa linaelekea kuzama bado tuko pale.

Mama mmoja ambaye angeweza kumzaa huyo afisa akasimama, akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, tupe hadi wiki ijayo. Huyu mwenzetu tunamjua, atalipa." Kijana hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Wewe mama, kaa chini. Shida yenu nyinyi watu wa kambi mmezoea vya bure."

Vya bure! Nataka mtu anionyeshe hivyo vya bure. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipofika kwetu Burnt Forest, karibu na Eldoret, niliacha duka lenye cherehani tatu na mahindi ya msimu mzima ghalani, nikatoka na watoto na nguo tulizovaa. Tulilala kwenye hema pale uwanja wa maonyesho, Nakuru. Mei 2008 serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani: shilingi 10,000 kwa familia za kuanzia maisha, na 25,000 za kujenga upya kwa aliyechomewa nyumba. Mimi nilipata zile 10,000. Za nyumba nilizifuatilia kwa chifu na kwa ofisi ya wilaya hadi nikachoka kuuliza. Hizo 10,000 ndizo nilizozoea hadi leo?

Na kijana huyo huyo wa mikopo ndiye aliyekuja kwangu kuandika dhamana. Ambao hamjawahi kukopa hivi, mjue kwamba anaingia hadi chumba cha kulala. Aliandika godoro, redio, meko ya gesi, viti vya plastiki, akaipiga picha cherehani yenyewe ninayolishia watoto. Akauliza kama nina hatimiliki. Nikamwambia ninayo, shamba ni langu, ila kukanyaga kule sijathubutu, na wa kununua kwa bei ya haki hapatikani. Akaniuliza, "Si urudi tu? Hayo mambo ya 2008 si yaliisha?" Wakati huo yeye alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nilinyamaza kwa sababu nilihitaji sahihi yake.

Sasa niseme ukweli mwingine, maana sitaki kuwadhulumu. Benki niliyoenda kwanza iliniuliza karatasi ya mshahara na akaunti yenye historia. Vyote viwili sikuwa navyo, na vitabu vyangu vya duka viliungua. Hawa walinipa bila hayo. Mkopo wao wa kwanza ulininunulia cherehani ya mtumba na marobota ya kitambaa cha sare za shule, na Januari ile niliuza hadi nikakosa usingizi. Watoto wangu hawakufukuzwa karo tena. Afisa aliyekuwepo wakati huo, dada mmoja mtaratibu, alikuwa anakaa kibandani kwangu kunifundisha kuandika mauzo na matumizi kwenye daftari, na daftari hilo bado naliandika. Kama si ule mkopo, ningekuwa bado nawafulia watu nguo. Kwa hivyo mtu aliyefurushwa akiniuliza leo kama akope, moyo wangu unasema ndiyo, akope.

Lakini akili inakataa. Riba yao wanaitaja kama asilimia 20 kwa mwaka, na inasikika ya kibinadamu. Kumbe wanaikokotoa kwa mkopo wote wa mwanzo hadi siku ya mwisho. Ukichukua 50,000, riba ni 10,000, unarudisha 5,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Kufikia mwezi wa mwisho deni limebaki dogo kabisa, ila riba unayotozwa ni ile ile kana kwamba bado umeshika 50,000. Ukipiga hesabu ya riba inayopungua na deni, hiyo ni karibu asilimia 35. Hazina ya Uwezo ya serikali haitozi riba. Kwa nini nisimwambie mtu aanzie huko, hata kama foleni ni ndefu?

Halafu huku kudhaminiana. Mfumo huu ulisifiwa dunia nzima, na Muhammad Yunus na Benki ya Grameen ya Bangladesh wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006. Lakini unategemea majirani wanaojuana tangu zamani. Sisi majirani zetu walitawanyika, mwingine Mai Mahiu, mwingine Nyandarua, mwingine hatujui aliko. Kikundi chetu ni cha watu waliokutana kwenye foleni ya unga. Kuaminiana tulikujenga wenyewe, polepole, kwa kuzikana na kuuguziana watoto. Sasa kijana anakuja kuukamua uaminifu huo kama ng'ombe, na anatutaka tumgeukie mwenzetu ambaye mtoto wake yuko wodini.

Tulichanga jioni ile. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, hata nauli, na mama yule mzee ndiye aliyetoa nyingi kuliko sote. Afisa akaandika risiti, akapanda pikipiki, hakuaga.

Nikimaliza deni hili sikopi tena kwao. Au labda nitakopa wakimrudisha yule dada, sijui, kwa sababu msimu wa sare unakuja na kitambaa hakinunuliwi kwa hasira. Meneja wao nimeshamwandikia barua, na kikundi kizima kimetia sahihi. Tunachotaka ni huyo kijana aje mkutanoni amwombe mama yule radhi, kwa sauti, mbele yetu sote. Akifanya hivyo nitawapa nyota nne. Kwa sasa ni moja, na hiyo ni ya yule dada wa daftari.