TAHADHARI: Kuna jamaa hapa Dar anauza GPS za boti anadai ni za ndege

Wakuu habari zenu, hasa nyie mnaorusha vindege vyenu binafsi kutokea hapa Dar, na mafundi wenzangu pia. Kuna jamaa anazunguka mjini na GPS za mtumba, Garmin za zamani, anasema zimetoka Marekani kwenye ndege zilizobadilishiwa vifaa, na bei zake zinavutia kweli. Jina silitaji na namba yake siiweki hapa, ila mkikutana naye mtamjua tu kwa maneno, kila mzigo kwake ni "wa mwisho braza" na kila mashine ilikuwa ya mzee fulani aliyestaafu kuruka. Vifaa vyake nimevishika mkononi, wateja wananiletea nivikague wakishalipa, yaani wakishapigwa ndo wanakumbuka kuna fundi.

Mchezo wake mkubwa uko hivi. Miaka ya 2004 Garmin walitoa GPSMAP 296, hiyo ni ya ndege, na kipindi hichohicho wakawa na GPSMAP 276C ambayo ni ya boti na gari. Hizi mbili ni mapacha, umbo lilelile, skrini ileile, vitufe vilevile, antena ya kuchomeka nyuma vilevile, ukiziweka mezani bila kusoma maandishi huwezi kujua ipi ni ipi. Na mji huu ni wa bahari, mashine za boti zilizochoka hazikosekani. Sasa jamaa anachukua ya boti anaipa jina la ya ndege. Niliyoletewa mimi ilikuwa na stika nyeusi imechapwa 296 vizuri kabisa, rangi imelingana, ila kona moja ilishaanza kunyanyuka kwa joto, nikaipeleka na ukucha ikatoka nzima nzima, chini yake 276C hiyo hapo. Nageuza nyuma, lebo ya namba ya siriali imepigwa msasa. Mwenye mali kakaa kimya, ametoa milioni na ushee.

Mtu atasema GPS si GPS bana, ikinipa lat na longi inatosha. Kweli, hata ya boti itakupeleka Mafia ukiingiza koodineti mwenyewe kwa mkono, sibishi. Lakini ya boti haina databesi ya anga ya Jeppesen, kampuni inayotoa data za marubani, kwa hiyo hamna viwanja, hamna mipaka ya anga, hamna ukurasa wa paneli wenye vile vyombo vya kuchorwa, na zaidi ya yote hamna ukurasa wa milima. We unaenda Dodoma au Iringa unapita jirani na Morogoro, mawingu yameshuka, Uluguru iko pale na vilele vyake vinavuka mita 2,600, hiyo ni zaidi ya futi 8,500, afu mashine yako inajua habari za kina cha maji tu. Mteja alipomuuliza jamaa mbona viwanja havionekani akajibiwa databesi ipo ila inataka kuapdeti, nunua tu ukaapdeti mtandaoni. Uongo mtupu, databesi ya ndege haiingii kwenye 276C hata ufanyeje.

Ya ndege kweli ukiiwasha, baada ya zile kurasa za onyo inakuletea ukurasa wa databesi, inakwambia ni ya lini na inaisha lini, mpaka ubonyeze ENTER ndo uendelee. Kama imekupeleka moja kwa moja kwenye ramani bila kusema neno lolote kuhusu databesi ya anga, rudisha kwenye begi lake muagane vizuri.

Sasa kuna la pili ambalo ni baya zaidi kwa sababu linawapata hata wanaojua. Mashine zote hizi zina simuleta, ni kwa ajili ya kujifunzia ukiwa umekaa nyumbani. Jamaa anapenda kukutana na wateja ndani, mgahawani au kwenye duka la rafiki yake Kariakoo chini ya ghorofa nane, anaiwasha pale mezani na unaona kabisa ndege inatembea, mshale umenyooka, setilaiti zimejaa, spidi noti (knots) 110, na nyie mmekaa mnakunywa chai! Watu wanashangilia, "aisee inashika mpaka ndani". Haijashika chochote, inaigiza, na neno la simuleta liko palepale kwenye skrini kwa herufi ndogo ila macho yote yako kwenye kindege. Mashine moja kati ya hizo nilipoitoa kwenye simuleta nikaipeleka nje uwanjani, mbingu nyeupe, hamna kizuizi, ikakaa inatafuta mpaka nikachoka, nikachomeka antena yangu ikashika. Antena yake ilikuwa imekufa na jamaa alikuwa anajua, ndo maana hataki kutoka nje.

Hapo muwe waungwana pia kwa wauzaji wengine, mashine iliyokaa kabatini miaka au iliyosafirishwa kutoka bara jingine haitashika ndani ya dakika moja, lazima ipakue upya ratiba ya setilaiti zote na hiyo peke yake inachukua dakika 12 na nusu. Iweke juu ya boneti ya gari, sehemu wazi, subiri nusu saa ndo useme ni mbovu. Muuzaji mkweli atakusubiria. Huyu wetu atakwambia ana kikao Posta.

Kuhusu umri wa databesi hata msiamini mdomo, pimeni wenyewe, andika HTGW. Hizo ni herufi za utambulisho za uwanja wa Songwe kule Mbeya, ulianza kazi mwishoni mwa mwaka 2012. Kama mashine inakupa HTMB ule uwanja wa zamani wa Mbeya mjini lakini HTGW haiijui, ujue ndani kuna databesi ya kabla ya hapo, na mtu anayekwambia "iliapdetiwa mwaka jana" anakuona bwege. Data za Jeppesen zinabadilika kila siku 28, na ukanda wetu unauzwa kivyake, Afrika iko kapu moja na Ulaya, ya Amerika haikusaidii kitu. Na pia databesi inafungwa kwenye mashine kwa namba yake, sasa ile yenye namba iliyopigwa msasa au iliyosajiliwa kwa mtu mwingine utajua mwenyewe utakavyoanza kuhangaika kuinunulia data, na ukizingatia huenda imeibiwa kwenye ndege ya mtu.

Kitu kingine ni tarehe. GPS zinahesabu wiki mpaka 1024 afu zinarudi sifuri, ilitokea Agosti 1999 na ikatokea tena Aprili 6, 2019, itakuja tena 2038. Mashine nyingi za zamani ambazo programu yake haijasasishwa zimerudi nyuma miaka 19 na miezi, unaiwasha inakuletea tarehe ya enzi za shule ya msingi. Mahali inaweza kukupa sawa tu, ila kwa tarehe ya uongo inahangaika kutafuta setilaiti na databesi haijui kama imeisha au haijaanza. Jamaa akiulizwa anasema "weka tarehe mwenyewe kwenye setingi". Saa na tarehe GPS inapokea kutoka kwenye setilaiti, hauweki kama saa ya ukutani.

GPSMAP 396 na 496, wadogo zake 296, anaziuzia hali ya hewa, eti utaona mvua live. Ile hali ya hewa ilikuwa inakuja kwa setilaiti za redio za XM na mwisho wake ni Amerika ya Kaskazini, hapa Dar utaona ukurasa mtupu mpaka uzeeke. Kama anaongeza bei kwa ajili ya hiyo, kata.

Sa hivi nasikia kahamia kwenye zile za kufunga kwenye paneli, GNS 430, na hapa hela inakuwa kubwa zaidi. Anaonyesha picha ya cheti cha 8130-3 cha Marekani, kile cha kuthibitisha kifaa kinafaa kufungwa kwenye ndege, kwenye simu. Wakuu, kisanduku namba 10 cha ile fomu ndo cha namba ya siriali, linganisheni na lebo iliyo kwenye mashine yenyewe, sio kwenye boksi. Cheti nilichoonyeshwa mimi ni cha mashine nyingine kabisa. Na bila karatasi halali injinia gani mwenye leseni ataisaini kwenye ndege ya 5H (iliyosajiliwa Tanzania), TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wakija kukagua utasemaje? Afu muulize ni ya volti ngapi, maana kuna 430 za volti 28 tu na Cessna nyingi za zamani ni 14. Hajui hata swali linahusu nini. Halafu cha kuchekesha kuna mteja aliuziwa ile ya mkononi pamoja na "cheti" cha 8130-3, GPS ya mkononi sio kifaa kilichoidhinishwa kufungwa kwenye ndege, haiendi na cheti kama hicho, ukionyeshwa jua imetengenezwa stationari.

Malipo yake ndo yaleyale mnayoyajua. Hela ya kuonyesha nia kwanza, kwa simu, "tuma na ya kutolea", baadae mzigo umekwama forodha uwanja wa ndege ongeza kidogo, baadae simu haipokelewi, baadae anarudi na line mpya na jina jipya. Laini aliyotumia kwa mteja wangu ilisajiliwa kwa jina la mwanamke.

Sisemi msinunue za zamani, mimi mwenyewe 296 nzuri yenye databesi mpya naipenda, kwa kuruka mchana kwa macho na ramani ya karatasi pembeni inafanya kazi safi na batri ikiwa haijavimba itakufaa miaka. Ila ishikwe nje, izimwe simuleta, HTGW iandikwe, na hela itoke baada ya fundi kusema sawa.

Waliokwisha kutuma hela, pigeni mtandao wenu leo leo msisubiri kesho, chukueni RB polisi mkiwa na ujumbe wa muamala, na namba yake ipelekeni 15040 ya TCRA. Mwenye kifaa chake na hana uhakika aje nacho hangani asubuhi kabla jua halijakolea, kuangalia sichaji.