Bustani za Magnolia, Charleston: anzia kwenye kinamasi

Nilimpeleka mama yangu kwenye bustani za Magnolia, kando ya Mto Ashley katika jimbo la South Carolina, mwishoni mwa Aprili, alipokuwa amekuja Marekani kututembelea kutoka Kyela. Bustani hizo ziko mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka katikati ya mji wa Charleston, na zimo ndani ya shamba lililoanzishwa na familia ya Drayton mwaka 1676. Ushauri wangu kwa yeyote anayepanga safari hiyo ni kwamba afike mara lango linapofunguliwa na aanzie kwenye kinamasi, maua ayaache kwa baadaye, kwa sababu maua hayaondoki jua linapopanda, lakini ndege na wanyama wengi hujificha.

Kinamasi hicho kimepewa jina la Audubon, mchoraji mashuhuri wa ndege aliyefika Charleston mwaka 1831. Njia yake inapita juu ya madaraja ya mbao na matuta ya udongo, katikati ya misaiprasi iliyosimama ndani ya maji meusi, ambayo mizizi yake huchomoza juu kama magoti ya watu waliochutama. Sehemu kubwa ya maji imefunikwa na majani madogo mno ya kijani yanayoelea, kiasi kwamba mtu asiyejua anaweza kudhani ni uwanja wa nyasi. Ndiyo maana mama aliposema kwamba kuna gogo linalotutazama, sikumwelewa mara moja. Lilikuwa aligeta, ameegemeza kidevu kwenye jukwaa la mbao lililowekwa majini, na mgongoni ana majani yale yale ya kijani. Hatua chache mbele tuliwaona wengine wawili wakiota jua, na kobe wa majini wamejipanga kando yao bila wasiwasi wowote.

Mama aliwaita mamba, na kwa mbali wanafanana, lakini aligeta ana pua pana iliyoviringana, na akifunga mdomo meno yake ya chini hayaonekani, tofauti na mamba wetu wa Ziwa Nyasa, ambaye jino lake moja la chini hubaki nje. Mwaka 1967 aligeta aliorodheshwa miongoni mwa wanyama waliokuwa hatarini kutoweka, na kwa kulindwa aliongezeka hata akaondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 1987. Kumlisha ni kosa kisheria katika jimbo hili, kwa kuwa aligeta aliyezoea chakula cha watu huacha kuwaogopa watu. Ninawasihi wenye watoto walizingatie hilo.

Kilichonigusa kuliko vyote ni mahali yangeyange walipojenga. Viota vyao vilikuwa kwenye vichaka vilivyozungukwa na maji, na vifaranga walikuwa wameshaanguliwa, wakipiga kelele kila mzazi alipotua na chakula. Chini yao waliogelea aligeta. Nilidhani ndege hao wamekosa busara, hadi nilipoelewa kwamba wamepachagua makusudi: rakuni, mnyama mdogo mwenye uso wa rangi mithili ya barakoa, ni mpandaji hodari wa miti na mwizi wa mayai, lakini hathubutu kuogelea penye aligeta. Kifaranga anayeanguka huliwa, na hiyo ndiyo gharama ya ulinzi. Mwishoni mwa karne ya 19 yangeyange hao waliuawa kwa wingi ili manyoya yao yapambe kofia za wanawake. Kwa hiyo mtu anayewaona leo wakilea makinda yao bila kuguswa anaona jambo ambalo lingeweza kupotea kabisa. Keti kwenye benchi walau nusu saa. Sisi tulikaa karibu saa nzima, na katika muda huo korongo wa buluu alinasa samaki mbele yetu, na ndege wa jamii ya mbizi akapanda juu ya tawi, akatandaza mabawa yake kuyakausha.

Bustani yenyewe, iliyofunguliwa kwa umma miaka ya 1870, inastahili sifa zake. Azalia zilikuwa zinamalizia kuchanua, na daraja jeupe refu lilikuwa limejaa wapiga picha. Kamelia huchanua majira ya baridi, hivyo tulikuta majani tu, lakini mama alilikunja jani moja akasema, "Hili si chai?" Hakukosea sana, kwani kamelia na mchai ni wa jenasi moja, naye amepita kwenye mashamba ya chai ya Tukuyu maisha yake yote. Zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye mialoni nazo ni za jamii ya mnanasi.

Kiingilio cha bustani hakijumuishi ziara ya nyumba, gari la kutembeza wageni wala mashua, ambavyo hulipiwa zaidi. Kama fedha inatosha kimoja tu, mimi ningechagua mashua. Vaeni viatu vilivyofungwa, mbebe maji ya kunywa na dawa ya kufukuza mbu.

Msiondoke kabla ya kufika kwenye vibanda walimoishi watumwa, vilivyojengwa yapata mwaka 1850. Tulivitembelea mwisho, kisha tukapanda mashua iliyopita kwenye majaruba ya zamani, na hapo mama, ambaye amelima mpunga Kyela tangu utotoni, akanyamaza. Aliyatambua matuta kabla hatujaambiwa chochote. Mpunga wa pwani ya Carolina ulilimwa na Waafrika waliofanywa watumwa, wengi wao kutoka sehemu za Afrika Magharibi ambako kilimo hicho kilijulikana vyema, na matuta hayo yalichimbwa kwa mikono yao, ndani ya matope, joto na malaria. Leo yangeyange husimama juu yake wakivizia samaki. Mama aliniuliza ni watu wangapi waliochimba, nikamwambia kwamba sijui, naye akaendelea kuyahesabu matuta hadi mashua ilipogeuka kurudi.