Foldit na Eterna: Uchambuzi wa Michezo Miwili ya Kompyuta ya Kufundishia Biolojia ya Molekuli

Karibuni watazamaji, na hasa walimu wa biolojia na wazazi mlio huku Kanda ya Ziwa. Leo ninachambua michezo miwili ya kompyuta, Foldit na Eterna, ambayo yote hupatikana bila malipo, na ambayo nimekuwa nikiitumia na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne katika klabu ya sayansi hapa Ilemela, Mwanza. Nilitaka kujua kama kijana anayeicheza anaelewa zaidi kinachotokea ndani ya seli, au anakuwa hodari wa kucheza tu. Maoni yangu ni kwamba Foldit hufundisha jambo moja kubwa, yaani kwamba umbo la protini ndilo linaloiwezesha kufanya kazi yake, na hulifundisha vizuri kuliko kitabu chochote cha kiada nilichokitumia, ila somo hilo hupatikana pale tu mwalimu anapousimamisha mchezo na kumwuliza mwanafunzi kwa nini amefanya alichofanya.

Foldit ilitolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Washington kilichopo Seattle, Marekani, kutokana na ushirikiano wa maabara ya mwanabiokemia David Baker na wataalamu wa kompyuta wa chuo hicho, wakiwemo Seth Cooper na Zoran Popović. Kama mnavyoona hapa kwenye skrini, mchezaji hupewa protini, yaani mnyororo wa asidi amino, ikiwa imekunjwa vibaya au haijakunjwa kabisa, naye huivuta, huizungusha na kuipanga upya kwa kipanya mpaka itulie katika umbo lenye nishati ndogo zaidi. Kadiri nishati inavyopungua ndivyo alama zinavyopanda. Kamba ya mtumbwi ukiitupa chini huanguka kila mara kwa namna yake, lakini protini yenye mpangilio uleule wa asidi amino kwa kawaida hurudi kwenye umbo lilelile. Wanafunzi hukariri sentensi hiyo na kuiandika kwenye mtihani bila kuiamini, na mara nyingi huanza kuiamini wanapoona mikono yao wenyewe ikisukumwa kuelekea umbo hilo.

Rangi ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi ya kufundisha. Asidi amino zinazokwepa maji huonyeshwa kwa rangi ya chungwa, na zile zinazopenda maji kwa rangi ya bluu. Atomi mbili zikisongamana kupita kiasi, mpira mwekundu wenye miiba hujitokeza kati yake, na pakibaki uwazi usiotakiwa ndani ya protini, povu jekundu huonekana. Bondi za haidrojeni huchorwa kama vijiti vyenye mistari. Mwanafunzi ambaye hajawahi kusikia maneno haya yote hugundua ndani ya mafumbo machache ya mwanzo kwamba alama zake hupanda anapozificha za chungwa ndani na kuziacha za bluu nje. Hakuna aliyemwambia. Ni kanuni halisi ya kemia ya protini, kwa sababu seli imejaa maji na sehemu zinazokwepa maji hutafuta pa kujificha.

Hapo ndipo ninapousimamisha mchezo na kuzungumzia selimundu. Katika shule za huku ni vigumu kupata darasa ambalo hakuna mwanafunzi mwenye ndugu, rafiki au jirani anayeishi na ugonjwa huo, na wengi wanafahamu kwamba wagonjwa huhudhuria kliniki pale hospitali ya Bugando. Wanajua maumivu ya mifupa, wanajua upungufu wa damu, na wengine wamewahi kusikia maelezo ya kusikitisha yanayohusisha ugonjwa na laana ya ukoo. Wasichokijua ni kwamba chanzo chake kinaweza kuonyeshwa kwa rangi mbili za Foldit. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta, na kila mnyororo wa beta una asidi amino 146. Katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta panapaswa kuwa na asidi ya glutamiki, ambayo inapenda maji na kwa lugha ya mchezo huu ni ya bluu. Kwa mtu mwenye selimundu, nafasi hiyo imechukuliwa na valini, ambayo inakwepa maji na ni ya chungwa. Nayo iko nje ya molekuli, juu kabisa, mahali ambapo mchezaji yeyote wa Foldit tayari amefundishwa na alama zake mwenyewe kwamba rangi ya chungwa haifai kukaa.

Ninawauliza basi: sehemu hiyo ya chungwa iliyo nje, ikikosa pa kujificha ndani ya molekuli yake, itajificha wapi? Wanafunzi hufikiri, kisha mmoja husema kwamba itajibana kwenye molekuli ya jirani. Ndivyo inavyotokea. Himoglobini inapoachia oksijeni, valini hiyo hujipachika kwenye kishimo chenye tabia ya kukwepa maji kilichopo katika molekuli nyingine, nayo hiyo hushikana na nyingine tena, mpaka nyuzi ndefu na ngumu zinajengeka ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuipinda iwe na umbo la mundu. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba selimundu ni ugonjwa wa molekuli, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti iko kwenye asidi amino moja tu. Kijana wa kidato cha tatu akilifikia hitimisho hilo kwa kufikiri mwenyewe kupitia rangi mbili, mimi huuhesabu mchezo huo kuwa umelipa muda wote uliotumika. Darasa linapofika hapo, hata swali la kwa nini jeni ya selimundu imebaki kwa wingi katika ukanda huu wa malaria huulizwa na wanafunzi wenyewe, na jibu lake, kwamba aliyerithi nakala moja tu ya jeni hiyo hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, hupokelewa kwa utulivu badala ya hofu.

Sasa nieleze udhaifu wake, nao si mdogo. Foldit ina kitufe cha Wiggle ambacho huiamuru kompyuta irekebishe mnyororo mzima yenyewe, na kingine cha Shake kinachopanga upya matawi ya pembeni. Mwanafunzi mwerevu huvumbua mapema kwamba akivibonyeza kwa zamu, alama hupanda bila yeye kuwaza chochote. Nimewaona vijana waliomaliza mafumbo mengi kwa namna hiyo wakashindwa kueleza mpira mwekundu ulikuwa unamaanisha nini. Kwa hiyo katika klabu yetu tumeweka sharti: hakuna anayegusa Wiggle kabla hajamweleza jirani yake kasoro anayoiona na anachotarajia kibadilike. Sharti hilo limebadilisha matokeo kuliko maelezo yoyote niliyotoa ubaoni. Jambo la pili ni kwamba maji yenyewe hayaonekani kwenye skrini, ingawa ndiyo sababu ya karibu kila kinachotokea hapo, na mwalimu asipoyataja mwanafunzi hudhani kwamba rangi ya chungwa huingia ndani kwa sababu waundaji wa mchezo wameamua hivyo. La tatu, mkono wa mchezaji ndio unaoikunja protini, ilhali ndani ya seli hakuna mkono. Protini nyingi ndogo hujikunja zenyewe kwa muda usiofika hata sekunde moja. Hilo nalo lazima lisemwe wazi.

Eterna ni mchezo mwepesi zaidi kuuanza, na kwa vijana wadogo ningeanza nao. Ulianzishwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Carnegie Mellon na Stanford, nao unahusu RNA, yaani molekuli inayobeba maelekezo ya jeni ya kutengeneza protini, na ambayo huandikwa kwa herufi nne. Mchezaji hupewa umbo linalotakiwa, kisha huchagua herufi zitakazoifanya RNA ijikunje katika umbo hilo: A ya njano, U ya bluu, G nyekundu na C ya kijani. Kanuni ni chache. G hushikana na C kwa nguvu zaidi, A hushikana na U kwa nguvu ya wastani, na G huweza pia kushikana na U, lakini kwa udhaifu. Wanafunzi wangu wote hukimbilia kujaza jozi za G na C kila mahali, na katika mafumbo mepesi hufaulu, lakini molekuli halisi yenye G na C nyingi kupita kiasi hupata njia nyingi za kushikana vibaya. Wachezaji wa Eterna walijifunza hilo kwa sababu miundo yao ilitengenezwa kweli katika maabara ya Stanford na wakarudishiwa matokeo, na kanuni walizozitunga zilichapishwa mwaka 2014 katika jarida la kisayansi. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, wachezaji hao walialikwa kusaidia kubuni RNA ya chanjo isiyoharibika upesi, jambo lenye maana kubwa kwa zahanati ya kisiwani isiyo na jokofu la kuaminika.

Pamoja na sifa hizo, michezo hii miwili inaacha pengo katikati. Eterna inaishia kwenye RNA na Foldit inaanzia kwenye protini iliyokwisha kutengenezwa, kwa hiyo hakuna mahali ambapo mwanafunzi anaiona ribosomu ikisoma herufi tatu tatu na kuzigeuza kuwa asidi amino. Pengo hilo ninalijaza kwa chaki, na mfano wangu ni uleule wa selimundu: GAG katika RNA inaleta asidi ya glutamiki, na herufi ya katikati ikibadilika ikawa GUG, inaletwa valini. Herufi moja imebadilika, na mwanafunzi aliyecheza michezo yote miwili anaweza kuifuata safari yake kuanzia kwenye jeni mpaka kwenye chembe ya damu iliyopinda.

Wapo wanaouliza kama Foldit bado ina maana baada ya programu ya AlphaFold kuweza kukisia maumbo ya protini kwa usahihi mkubwa. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2024 iligawanywa kati ya David Baker kwa ubunifu wa protini mpya na Demis Hassabis na John Jumper kwa programu hiyo. Kwa mtafiti swali hilo ni la haki. Kwa mwalimu halibadilishi kitu, kwa kuwa kompyuta inayotoa jibu haimfundishi kijana kwa nini jibu liko hivyo. Na vijana husisimka wanapojua kwamba mwaka 2011 wachezaji wa Foldit, ambao wengi wao hawakuwa wanabiokemia, walisaidia kupata umbo la kimeng'enya cha virusi vinavyowapa nyani ugonjwa unaofanana na UKIMWI, fumbo lililowashinda wanasayansi kwa zaidi ya miaka kumi. Wachezaji walipata muundo wa kutosha ndani ya wiki tatu.

Kuhusu vifaa, Foldit hupakuliwa na kuwekwa kwenye kompyuta ya Windows, Mac au Linux. Vishikwambi ambavyo walimu wengi walipewa baada ya sensa ya mwaka 2022 haviwezi kuiendesha, na hilo linaziumiza shule zisizo na chumba cha kompyuta. Eterna huchezwa ndani ya kivinjari, kwa hiyo inahitaji bando muda wote. Maelezo ya michezo yote miwili ni ya Kiingereza, na mimi huyaeleza kwa Kiswahili kwanza kabla ya kompyuta kuwashwa, kwa sababu kijana anayepambana na maelezo hana nafasi ya kupambana na protini. Kompyuta moja kwa wanafunzi wawili inatosha, na kwa kweli ni bora kuliko kila mmoja na yake, kwa kuwa wawili hulazimika kujadiliana kabla ya kuvuta chochote. Wazazi wafahamu pia kwamba Foldit ina sehemu ya kupiga soga na wachezaji wa dunia nzima, hivyo mtoto asiachwe peke yake nayo.

Kuna somo moja ambalo natamani lingekuwemo katika mchezo kama huu, nalo linatoka ziwani kwetu. Katika visiwa vya Ghuba ya Mwanza na jirani yake wanaishi furu, yaani samaki wadogo wa ziwani, wa aina mbili zinazokaribiana sana: mmoja ambaye madume yake ni ya bluu huishi karibu na uso wa maji, na mwingine, aliyepewa jina la kisayansi kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, ambaye madume yake ni mekundu na huishi chini zaidi, ambako mwanga unaobaki ndani ya maji ya tope ni mwekundu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba protini ya opsini, inayopokea mwanga ndani ya jicho, ina tofauti ndogo ya asidi amino kati ya furu hao, na kila mmoja huona vizuri zaidi mwanga wa kina chake. Kwa sasa somo hilo ninalifundisha kwa michoro baada ya wanafunzi kumaliza mafumbo ya mwanzo ya Foldit, na huwa nawauliza asidi amino iliyobadilika ingekuwa na rangi gani kwenye mchezo, na ingekaa ndani au nje. Walimu mlio Ukerewe, Sengerema, Musoma au Bukoba ambao mngependa tuyaandae maswali ya somo hilo kwa pamoja, niandikieni katika maoni chini ya video hii, mkitaja kidato mnachofundisha na idadi ya kompyuta mlizonazo.