FreeStyle Libre 2 kwa asiye na kisukari: kinachofaa na kinachodanganya

FreeStyle Libre 2 ni kihisi kinachobandikwa mkononi na kupima sukari mwilini usiku na mchana. Kilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari, na kizazi chake cha kwanza kampuni ya Abbott walikiingiza sokoni Ulaya mwaka 2014. Siku hizi wanakisaka pia watu wazima wasioumwa chochote, wanaotaka kuzeeka na nguvu zao. Mimi ni mmoja wao, na msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa: nunua viwili, vivae kimoja baada ya kingine kwa mwezi mmoja, vijue vyakula vyako, kisha acha. Anayekivaa mwaka mzima bila ugonjwa analipia grafu.

Chini ya kile kidude cha duara kinachokaa nyuma ya mkono kuna uzi laini wa milimita 5 hivi. Umepakwa kimeng'enya kinachoitikia glukosi na kutoa mkondo mdogo sana wa umeme, na mkondo huo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Uzi haugusi damu. Unapima majimaji yaliyo kati ya seli, ambako sukari hufika ikiwa imechelewa dakika 5 hadi 10. Kwa hiyo nusu saa baada ya chapati, kipimo cha damu ya kidole kikisema 8.4 na kihisi cha mkononi kikasema 7.6 (namba zote za sukari hapa ni milimoli kwa lita), hakuna kilichoharibika. Kwa watu wazima, wastani wa tofauti kati ya namba zake na za maabara ni asilimia 9.2. Yaani sukari yako ikiwa 6.0 kweli, kihisi kikikuonyesha 5.5 au 6.5 kimefanya kazi yake vizuri. Anayehangaika kwa sababu jana aliamka na 5.3 na leo 5.6 anasoma kelele za mtambo.

Kabla ya kulipa, chunguza simu. Kihisi huwashwa kwa NFC, yaani mawasiliano ya kusogeza simu karibu na kifaa, na simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa huku kwetu hazina NFC hata kama zina kamera nne. Fungua mipangilio ya simu, tafuta neno hilo. Lisipokuwepo utahitaji kununua na kisomeo chake. La pili, programu yake hutolewa kwa nchi au kanda. Kihisi alichokubebea shemeji kutoka Marekani hakitazungumza na programu ya Ulaya, kwa hiyo akaunti ya duka la programu na boksi vitoke upande mmoja wa dunia. La tatu ni joto. Kiwango cha kuhifadhi kimeandikwa kwenye boksi, na gari lililofungwa juani Dar au Mombasa linakipita kwa mbali. Kimeng'enya ni protini, kikipikwa hakirudi. Kihisi kilichozunguka na bodaboda kutwa nzima ndicho kitakachokupa namba za ajabu tangu saa ya kwanza, nawe utamlaumu mtengenezaji bure.

Kubandika hakuna maumivu ya kutajwa, ila kunataka usafi. Osha sehemu ya nyuma ya mkono kwa sabuni isiyo na mafuta, futa kwa spiriti, acha ikauke yenyewe. Losheni iliyopakwa asubuhi ndiyo sababu kubwa ya plasta kunyanyuka mapema. Kwepa kovu, baka, na upande unaolalia. Kaa mkono umelegea, bonyeza kifaa cha kubandikia moja kwa moja hadi usikie mlio, hesabu polepole hadi tano, kisha kitoe taratibu bila kukipinda. Tone la damu si tatizo. Damu ikiendelea kutoka, kiondoe, kwa sababu damu iliyoganda kuzunguka uzi huvuruga vipimo. Kwa ukanda wa pwani, ambako jasho halina likizo, ongeza plasta ya michezo juu yake tangu siku ya kwanza, uiache wazi sehemu ya tundu. Oga kama kawaida. Kinavumilia maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Ukienda kupigwa picha ya MRI, kitoe kwanza.

Kinaanza kusoma baada ya saa 1, lakini namba za saa 24 za mwanzo mimi huzitupa. Tishu imechomwa, imevimba kidogo, na sukari haifiki kwenye uzi kama kawaida. Wapo wanaobandika usiku na kukiwasha kesho yake ili kipite kipindi hicho bila kupoteza muda wa kihisi. Mtengenezaji hakuandika hivyo kwenye maelekezo, ingawa hesabu yake inaeleweka.

Siku ya pili, kabla ya kula chochote, linganisha na kipimo cha kidole. Nawa mikono kwa sabuni kwanza, maana utelezi wa embe kwenye kidole unatosha kukufanya uonekane mgonjwa. Pima wakati mshale kwenye simu umelala, si unapopanda au kushuka. Sukari ikiwa chini ya 5.6, kubali tofauti ya hadi 1.1, ikiwa juu ya hapo, kubali asilimia 20. Rudia kesho yake saa ileile. Kihisi chenye tabia ya kusoma juu kwa 0.7 kila mara bado kina faida, kwa sababu wewe unalinganisha chakula na chakula. Kinachorukaruka ndicho cha kutupa. Na kwa sababu hiyohiyo, usilinganishe wali uliopimwa na kihisi cha kwanza na ugali uliopimwa na cha pili. Watafiti wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, NIH, walichapisha mwaka 2020 kazi ambayo watu wasio na kisukari walivishwa vihisi vya kampuni mbili kwa wakati mmoja, na vihisi hivyo havikukubaliana ni mlo gani unapandisha zaidi. Mtu mmoja, mlo mmoja, majibu mawili.

Kuna mashimo matatu ambayo karibu kila mgeni hutumbukia. La kwanza ni la usiku: ukilalia mkono, damu na majimaji hubanwa, na grafu inadondoka hadi 3 au chini yake ghafla, halafu inapanda ghafla ukigeuka. Kushuka kwa kweli huwa na mteremko. Huku ni ukuta. Kama hutumii insulini wala dawa za kushusha sukari, zima king'ora cha chini ulale. La pili ni vitamini C. Zaidi ya miligramu 500 kwa siku husababisha kihisi kusoma juu kuliko ukweli, na vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vinavyouzwa kila duka la dawa mara nyingi vina 1,000. Watu wa virutubisho, ambao ndio hasa wateja wapya wa kifaa hiki, humeza vidonge hivyo kila asubuhi kisha wanashangaa uji wa ulezi umewatenda nini. La tatu ni mapengo: kihisi kinahifadhi kumbukumbu ya saa 8 tu, hivyo ukizima Bluetooth na usisogeze simu kwenye mkono kwa muda mrefu zaidi ya huo, grafu itakuwa na tundu lisilozibika.

Namba zenyewe zisikutishe. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2019 uliwavisha kihisi watu 153 wasio na kisukari. Wastani wao ulikuwa karibu 5.5, walikaa kati ya 3.9 na 7.8 kwa asilimia 96 ya muda, na walivuka 7.8 kwa takriban nusu saa kwa siku. Kwa hiyo kilele cha 8.5 baada ya pilau ya harusi si ugonjwa. Mitandaoni utaambiwa mtu wa kuishi miaka mingi hapaswi kuvuka 6.1 hata siku moja. Hakuna jaribio la kitabibu lililoonyesha kwamba mtu mzima mwenye afya anaongeza miaka kwa kulazimisha mstari wake ulale hivyo.

Sasa majaribio, ambayo ndiyo thamani halisi ya pesa yako. Chagua asubuhi, baada ya saa 10 bila kula, na uweke wanga sawa katika kila mlo: gramu 50. Kwa mizani ya jikoni hiyo ni kama gramu 65 za unga wa mahindi kabla ya kupikwa, mchele mkavu gramu 63, chapati iliyokandwa kwa gramu 70 za unga wa ngano, au muhogo mbichi uliomenywa gramu 130. Kula ndani ya dakika 15, kaa, usitembee wala kunywa chai ya sukari kwa saa 2. Andika tatu tu: namba kabla ya kula, kilele, na namba ya saa 2. Rudia kila chakula angalau mara tatu, siku ambazo hazifuatani. Mara moja haitoshi hata kidogo, kwa sababu mtu yuleyule na mlo uleule huweza kutoa vilele tofauti kutokana na usingizi, mlo wa jana usiku au msongo. Kama tofauti kati ya ugali na wali ni ndogo kuliko tofauti kati ya ugali wa Jumatatu na wa Alhamisi, basi kwako hakuna tofauti. Kula unachokipenda.

Ukishapata msingi, badili kitu kimoja kimoja. Kwangu uji wa sembe ndio unaopanda haraka kuliko vyote, na ugali wa dona na maharage hupanda taratibu na kushuka taratibu. Kwako inaweza kuwa kinyume. Utafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israel wa mwaka 2015, uliofuatilia watu 800, ulikuta watu wakipishana sana kwa chakula kilekile. Mpangilio wa sahani nao una uzito. Jaribio la chuo cha tiba cha Weill Cornell cha Marekani, la mwaka huohuo, lililokuwa na watu 11 tu wenye kisukari cha aina ya pili, lilionyesha kwamba kula mboga na protini kwanza, wanga mwisho, kulishusha sukari ya saa 1 kwa asilimia 37. Anza na mchicha na samaki, ugali ufuate. Kwa wenzetu wa kula tonge kwa mboga ni mtihani, najua. Kutembea dakika 10 hadi 15 mara baada ya kula ndiko kunakoonekana wazi zaidi kwenye grafu, na hakuna duka linalokuuzia. Ukikuta sukari imepanda baada ya mazoezi makali ya kunyanyua vyuma, usishtuke: ini limemwaga akiba yake kwa ajili ya misuli.

Jihadhari na mstari mzuri. Ukibadili wali kwa chipsi zilizokaangwa na mayai, mafuta yatachelewesha tumbo kumwaga na grafu itakuwa tambarare, lakini hujala vizuri zaidi. Pombe hulizuia ini kutengeneza sukari, hivyo usiku wa bia nyingi na chakula kidogo unaweza kuonekana safi kuliko usiku wa ndizi na maharage. Na kihisi hakioni insulini. Kongosho linaweza kuwa linafanya kazi maradufu kuweka namba zako sawa kwa miaka, na simu ikaendelea kukupigia makofi. Kama hujui presha yako wala mafuta yako ya damu, anza na hivyo kabla ya kununua kihisi. Ni rahisi na vinasema mengi zaidi kuhusu moyo.

Mwisho wa wiki mbili kiondoe kwa mafuta ya nazi: paka pembeni ya plasta, subiri dakika chache, kunja ukingo taratibu. Ngozi ikiwa na wekundu unaowasha kwa siku kadhaa, inawezekana gundi haikupatani. Mzio wa akrileti, kemikali za gundi, kwenye vifaa hivi umeandikwa sana na madaktari wa ngozi, na wa namna hiyo huzidi kila unaporudia. Kifaa cha kubandikia kina sindano ndani, kitie kwenye chupa ngumu kabla ya kukitupa.

Programu itakupa pia GMI, makadirio ya HbA1c (kipimo cha maabara kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, kwa asilimia) kutokana na wastani wako. Kanuni yake ilipatikana kwa watu wenye kisukari, na kwa wastani wa 5.5 hutoa asilimia 5.7, namba ambayo maabara ingeiita mwanzo wa hatari. Usiichukue hivyo. Lakini kuna kundi moja ambalo grafu yake ningeipeleka kwa daktari bila kusita: waliorithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu bila kuugua, au wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao ni wengi Afrika Mashariki. Kwao HbA1c huweza kusoma chini kuliko sukari ilivyo, na kisukari kikapita bila kuonekana. Kihisi hakijali umri wa chembe nyekundu za damu. Wastani ukiwa juu huku HbA1c ikisema salama, omba kipimo cha sukari ya kufunga na kile cha kunywa glukosi gramu 75: 7.0 kabla ya kunywa, au 11.1 baada ya saa 2, ndiyo mipaka inayotumika kutambua ugonjwa.