Kidude cha kupima matetemeko nyumbani: mawimbi ya P na S unayaona, ya Love usahau

Nina miezi mitano na hiki kidude, kile chenye sensa moja tu, unakiweka sakafuni unakiunga na intaneti mistari inaanza kutembea kwenye skrini. Wiki ya kwanza nilijua nimetupa hela maana kilikuwa kinachora malori, milango na hatua zangu mwenyewe, nikakihamishia kwenye sakafu ya zege mbali na friji ndo kikatulia.

Raha yake sasa ni tetemeko likipita. Kwanza laini inaruka kidogo, hayo ni mawimbi ya P, yanausukuma na kuuvuta mwamba kama sauti inavyopita hewani, kasi yake karibu na uso wa dunia ni kama kilomita 6 kwa sekunde. Alafu unasubiri kidogo, mara S hayo yanafika, yenyewe yanautikisa mwamba kwa kukingama na njia yake, ni kama kilomita 3.5 tu kwa sekunde ila mtikisiko wake sio mchezo. Kuna siku nilihesabu sekunde 20 kati ya P na S nikazidisha mara 8, maana kila sekunde ya kusubiri ni kama kilomita 8 za umbali, nikapata tetemeko liko kilomita 160 kutoka kwangu, kuja kuangalia taarifa rasmi nimekosea kidogo sana, aisee usingizi uliisha, nimekaa tu naiangalia ile grafu! Na likiwa kubwa la upande wa pili wa dunia, S ya kuja moja kwa moja huyaoni kabisa, kwasababu hayapiti kwenye kimiminika na kiini cha nje cha dunia ni chuma kilichoyeyuka.

Shida iko kwenye mawimbi ya juu ya ardhi, yale yanayokuja mwisho na mara nyingi ndo yanaumiza majengo. Muuzaji ameandika kinanasa aina zote na hapo sio kweli. Sensa yake inasikia juu-chini tu, na mawimbi ya Love yanakwenda kushoto-kulia, kwahiyo yanapita hapo hapo chini ya kidude na hayaonekani. Rayleigh, aina nyingine ya mawimbi hayo ya juu ya ardhi, yanaonekana kwakuwa yanaviringika kama ya baharini, ila yale yanayotikisika polepole sana ya kutoka mbali yanafifia.

Ukiweza kuongeza hela chukua chenye sensa tatu, moja ya juu-chini na mbili za kulala. Hiki nakipa nyota 4, ya tano nimeitoa kwa yale maelezo ya muuzaji.